Kisumu hadi Nairobi na ukoo mzima: matatu ya kukodi au basi?

Kila Agosti shule zikifungwa, mjadala ni uleule: tuko kumi na wawili, tukodi matatu ya viti 14 au tukate tiketi za basi?

Kwa gharama, hesabuni vichwa. Matatu ina bei moja hata mkiwa saba, na chakula na malazi ya dereva mara nyingi huwa juu yenu, elewaneni mapema. Basi humtoza kila mwenye kiti, kwa hiyo mkiwa wachache ndilo nafuu.

Starehe ndiyo kesi yenyewe. Kupitia Kericho ni kama kilomita 350. Safari iliyopita mama alisimamisha matatu yetu mara tatu kabla ya Mau Summit: choo, chai, kisha choo tena kwa sababu ya ile chai. Dereva wa basi hangemsikiliza. Ila shangazi, mwenye magoti mabovu, alipanda basi la usiku akanyoosha miguu, na kondakta ndiye aliyemwamsha Nairobi.

Mwendo haupishani sana, maana magari ya abiria yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa.

Mkitaka Makumbusho asubuhi na twiga wa Lang'ata mchana, matatu inawaokoa na kutafuta teksi tatu. Lakini kama mnafikia kwa mjomba mtaani Umoja, na Jumamosi nzima ni nyama choma na umbea, itakaa tu getini ikilipiwa.