Begi la dharura nililoagiza mtandaoni: nimekaa nalo misimu kadhaa ya mvua, haya ndo nimeyaona

Nianze na kilichonifanya ninunue. Sisi tunakaa Kisauni, Mombasa, pahali penye kabonde. Mvua za El Nino za Novemba 2023 maji yalituingilia ndani usiku wa manane, mie nashtuka miguu ya kitanda cha watoto imo ndani ya maji na ndara zinaelea ukumbini. Hakuna aliyejua abebe nini. Mume wangu yuko na TV mikononi, mie nimempakata mtoto mdogo na mkono mwengine nimeshika chaja ya simu, sijui hata niliichukulia nini, na mama mkwe anasema "sanduku langu, sanduku langu jamani" na hilo sanduku liko chini ya kitanda, ndani mna hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa na kitambulisho cha marehemu baba. Tulipolifungua asubuhi karatasi zimeshikana kama chapati zilizofunikwa za moto. Cheti kimoja wino ulikuwa umetoka wote, karatasi imebaki na rangi ya zambarau tu. Mama alikaa kwenye ngazi akizibandua moja moja kwa ncha ya kisu, hakusema kitu. Ile picha haijanitoka.

Basi Januari nkaona tangazo la mtu anauza mabegi ya dharura yaliyojazwa tayari, "watu 4, siku 3", elfu 6 na 800 pamoja na delivari. Simtaji muuzaji, alinijibu vizuri na mzigo ulifika kwa boda siku ya pili yake, shida yangu si yeye, ni kilichomo ndani.

Begi lenyewe ni zuri, niseme haki yake. La mgongoni, lita 40, kitambaa kizito chenye mpira kwa ndani, mdomo unakunja mara tatu kisha unabana na klipu. Nlilijaribu kwenye beseni la kufulia, nkaweka gazeti ndani nkalizamisha dakika 10, gazeti likatoka kavu kabisa. Kwa hilo tu nampa nyota zake. Mfuko wa mbele wa zipu ndo tatizo, nitaufikia.

Na redio! Hiyo redio ya kuzungusha kwa mkono yenye tochi ndo kitu nakipenda kuliko vyote. Unazungusha dakika moja unapata dakika chache za kusikiliza, ina kipande kidogo cha sola juu na pa kuchomeka simu, ingawa kuchaji simu kwa kuzungusha mkono msijidanganye, mkono utakatika simu iko asilimia 3, nunua pawabenki pembeni. Lakini Pwani FM na Baraka FM nazishika safi hata nikiwa chumba cha ndani. Mlokuwepo Agosti 2023 stima ilipopotea nchi karibu nzima mnajua, usiku kucha simu zinakufa moja moja na hujui kinachoendelea, redio siku hiyo ni dhahabu.

Sasa vilivyobaki. Maji kwanza. Ndani mlikuwa na vipakiti 12 vya maji vya mililita 125. Piga hesabu, hiyo ni lita 1 na nusu. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kama lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, kunywa na kupikia na kunawa kidogo. Sisi tuko watano, siku 3, ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Muuzaji nlipomuuliza akasema "dada hayo ni ya kunywa kidogo kidogo mpaka msaada ufike". Hapa kwetu na hili joto? Na Mombasa maji yenyewe yanatoka mbali, ya Mzima yanasafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba kutoka Tsavo, Baricho nako ni mbali, bomba likipasuka pahali popote sisi huku tushaanza kuita mkokoteni hata bila janga lolote. Mafuriko yakija ndo balaa, visima vya mtaani na vyoo vya shimo vinakuwa kitu kimoja, na kipindupindu hakibishi hodi. Kwahivo mie nimeyatenganisha: mitungi mitatu imejaa imepangwa juu ya meza ya saruji jikoni, haiguswi, nayabadilisha kila mwezi (ya zamani nafulia), na kwenye begi mna chupa mbili za lita 1 na nusu pamoja na dawa ya klorini ya kutibu maji. Ile dawa fuata kipimo cha kwenye chupa yake na usubiri nusu saa kabla ya kunywa, na maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa leso iliyokunjwa mara nne, tope linaimaliza nguvu dawa.

Hapo kwenye leso nitakaa kidogo. Begi lilikuja na blanketi nne za karatasi ya fedha zile zinazong'aa, za kuzuia mwili usipoteze joto. Nazijua kazi yake, aliyelowa mvua usiku au aliyeumia zinamsaidia, moja nimeibakisha. Lakini nne za nini? Tulizijaribu, mtoto anatoka jasho, na ile kelele kila akigeuka hakuna anayelala. Nlizitoa tatu nkaweka doti mbili za leso. Leso unajifunika, unambebea mtoto mgongoni mikono ikabaki mitupu, unafungia mkono uliovunjika, unatandika, unajistiri ukibadilisha nguo mbele za watu, unachuja maji. Mama mkwe aliponiona nazikunja akaenda chumbani akarudi na yake moja nzuri ya arusini, akanambia "weka na hii mwanangu, tukikimbia tusionekane tumekimbia". Imo ndani mpaka leo.

Dira nimeitoa. Biskuti za kalori, zile ngumu za mraba, watoto walizitema. Nimeweka tende kilo moja na njugu za kukaanga, tende haiozi upesi na ina nguvu na hata mama akishukiwa na sukari ghafla tende mbili zinamrudisha kabla hatujafika hospitali. Pia pakiti za maziwa ya muda mrefu na uji wa unga wa mtoto.

Dawa ndo begi limeniangusha kabisa. Kisanduku cha huduma ya kwanza kina plasta 20 (gundi ishayeyuka kwa joto la kabatini, zinateleza), bandeji, mkasi wa plastiki usiokata. Hakuna chumvi ya ORS, ile ya kunywa mtu akiharisha, hata pakiti moja! Mafuriko Mombasa bila ORS? Nimeweka pakiti 10 na vidonge vya zinki, na kwenye karatasi nimeandika ile ya nyumbani zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vya kulinganisha na nusu kijiko cha chumvi.

Na mama anadunga insulini asubuhi na jioni. Hakuna begi la dukani litakufikiria mgonjwa wako, hilo ni lako. Nesi wa kliniki alituelewesha kwamba chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kama wiki 4 mradi joto lisipite digrii 30 hivi, na huku Januari mpaka Machi mchana zinapita. Kwahivo tuna chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga tunaumwagia maji, juu kitambaa kibichi, tunakiweka dirishani penye upepo. Hakigandishi lakini kinapunguza joto, na barafu moja kwa moja usiweke maana insulini ikiganda imeharibika. Kwenye begi kuna sindano za akiba, kipimo cha sukari na betri yake, na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa zote na vipimo.

Alaf ikaja Hidaya. Mwanzo wa Mei 2024, mnakumbuka, shule zilikuwa zimeahirishwa kufunguliwa sababu ya mafuriko ya nchi nzima, alaf idara ya hali ya hewa ikatoa onyo la kimbunga, upepo mkali na mawimbi, watu wakakatazwa kuingia baharini, wavuvi nao wakavuta vyombo. Kimbunga kilifika Mafia kule Tanzania tarehe 4 nguvu zikiwa zimepungua, sisi tukapata mvua na upepo tu, Alhamdulillahi. Lakini lile onyo ndo lilikuwa mtihani wa begi. Usiku huo tuliliweka mlangoni, stima ikaenda, tukazima meni swichi kabisa kwa tahadhari maji yasije yakaingia kwenye soketi za chini, mtoto wangu wa miaka 9 kakaa anazungusha redio na mimi nampa mume begi alivae tuone. Kilo 14! Alivaa akatembea mpaka geti akarudi akasema hili mama halibebi na wewe na mtoto mgongoni hulibebi, na mimi nikiwa kazini je? Hakuna aliyekuwa amewaza hivo. Siku ya pili tukaligawa: begi kubwa la mume au jirani, kijibegi cha zamani cha shule kina dawa za mama, hati na pesa, hicho ndo cha kwanza kutoka hata kama vyote vinabaki.

Hati nimezipiga picha zote nkamtumia shemeji, nakala ziko kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana maana mifuko ya plastiki tangu 2017 imepigwa marufuku. Pesa ni noti za 50, 100 na 200 na sarafu, jumla elfu 3, M-Pesa haikusaidii kitu simu ikizima na mtandao ukienda, na mwenye tuktuk usiku wa mafuriko ukimpa noti ya elfu hana chenji.

Kisha ile karatasi ya mpango iliyokuja na begi, imeandikwa kizungu, sehemu za kujaza majina tu. Niligeuza nyuma nkaandika yetu na hii ndo ilituchukua jioni tatu na mabishano. Mume anafanya kazi Kilindini, katikati yetu kuna daraja la Nyali. Yeye alikuwa anasema "nitafika tu, hata kwa miguu". Tukakubaliana hapana, ikiwa njia imefunga alale kwa binamu yake Majengo, asijaribu usiku, watoto wanachukuliwa na mimi au mama wa jirani na mwalimu ana majina yetu yote mawili. Mtu wa kupokea habari ni shemeji wa Voi, kila mmoja anamtumia yeye meseji fupi, maana mtandao ukilemewa simu hazishiki lakini meseji inaweza kupenya. Pa kukutana ni msikitini, pameinuka kuliko kwetu. Pakishindikana ni Mazeras kwa mjomba, na bila kuvuka kisiwani: Mtwapa, Mavueni, Kaloleni, ndo Mazeras. Ni mzunguko mrefu na daraja la Mtwapa bado lipo njiani ila foleni ya Nyali tumeikwepa. Namba ya Msalaba Mwekundu 1199 imeandikwa kwa kalamu nzito mlangoni.

Watu huniuliza bahari je. Desemba 26, 2004 tetemeko la Sumatra lilipiga kama saa kumi alfajiri kwa saa zetu na maji ya tsunami yakafika huku mchana. Shemeji yangu alikuwa ufuo wa Pirates siku hiyo anaogelea, polisi wakaja kuwatoa, yeye akaona wanaonewa tu. Kenya tulimpoteza mtu mmoja, Somalia walikufa mamia. Masaa yote hayo ya katikati ni ya kuondoka, ikiwa mtu anasikiliza redio na anajua anakwenda wapi.

Kasoro ya mwisho, zipu ya mfuko wa mbele. Miezi mitatu tu hewa ya chumvi ishaifanya kutu, nkivuta inakwama nusu. Naisugua mshumaa kila nikibadilisha maji ya mitungi na inakwenda, ila kwa usiku wa haraka siiamini, filimbi na tochi ndogo nimezihamishia kwenye kamba ya nje. Betri pia zisikae ndani ya tochi, za kwetu zilivuja.

Kwahivo nyota 3 kwa 5. Ukiulizwa, chukua begi tupu na redio, muuzaji huyohuyo anauza tupu kwa elfu 2 na 500, zilizobaki jaza mwenyewe kutoka duka la dawa na sokoni Kongowea. Nimemnunulia shangazi wa Likoni hilo tupu mwezi uliopita. Yeye tangu feri ya Mtongwe ilipozama 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa hapandi kivuko akiona watu wamejaa, kwahivo mpango wake hauji kwetu kabisa, unaelekea Ukunda kwa mwanawe. Tulikaa barazani tukajaza pamoja, dawa za presha, leso, tende, chupa za maji, na miwani yake ya zamani maana bila miwani hata namba ya mwanawe hawezi kuisoma.