Darasa la uandishi Bagamoyo, nimelielewa sana

Jamani nimemaliza wiki mbili za darasa la uandishi hapa Bagamoyo, lile la likizo kwa wanafunzi wa sekondari wanaopenda sanaa za maonyesho, na kusema ukweli nimepata vitu ambavyo shuleni tulikuwa tunakariri tu ili tujibu mtihani. Sisi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) tunajua shairi la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, mizani yaani silabi 8 kwa 8 kila mshororo, sawa, lakini huku mwalimu anakusimamisha usome shairi lako na mwenzio anapiga ngoma, mzani ukizidi hata mmoja unausikia mwenyewe. Mimi niliandika "Bahari yaniita leo", nikakwama palepale, kuhesabu kwa vidole kumbe 9! Nikabadilisha ikawa "Bahari inaniita", ngoma ikakaa, nilitamani kulia kwa furaha.

Siku nyingine tukapelekwa soko la samaki pale ufukweni, kazi ni kusikiliza tu mnada halafu uandike mazungumzo ya tamthilia bila kueleza nani kakasirika, maneno yenyewe yaonyeshe. Hiyo ndo ilinifungua macho kabisa.

Kasoro ipo, nakala za tamthilia hazitoshi, wanne tunachungulia moja, hapo waongeze kwa kweli maana huwezi kuandika kama husomi.

Mnaotoka Tanga kama mimi shukeni Msata mpande gari za Bagamoyo, msizunguke mpaka Dar. Na daftari beba mawili, langu liliisha wiki ya kwanza.