darktable kwa picha za ndege weupe: ni bure kweli, ila inataka roho ngumu

Kama unapiga yangeyange pale mwaloni Kirumba, Mwanza, au unazungukaga kisiwa cha Saanane na kamera yako, shida unaijua, ndege anatoka jeupe tupu, manyoya hakuna, eti ndo umepiga close-up. Jua la ziwani likishafika saa nne halina huruma, maji nayo yanarudisha mwanga kwa chini. Mimi za kwangu nasafishia darktable, programu ya bure ya kompyuta, Windows ipo, Linux ipo, Mac ipo, hakuna kulipia kila mwezi wala kuhangaika na kadi ya benki.

Ukifungua picha mara ya kwanza usishtuke ikiwa angavu kuliko ulivyoiona kwenye kamera. Mpangilio wake wa kawaida unaongeza ekspoja (kiasi cha mwanga wa picha) kama stopu 0.7 hivi, stopu moja ni mwanga mara mbili, kwa mnandi mweusi juu ya jiwe ni sawa kabisa, kwa yangeyange ishushe mapema kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye ikwalaiza ya toni, moduli (kifaa kimoja ndani ya programu) ya kupandisha au kushusha kila ngazi ya mwanga peke yake. Watu wengi wakiona pameungua wanavuta slaida ya hailaiti (sehemu angavu za picha) mpaka mwisho, matokeo yake ndege anakuwa kama kapakwa majivu, weupe umekufa na mwanga umekufa. Kwenye ikwalaiza unaweka mshale wa mausi juu ya kifua cha ndege, unazungusha gurudumu kushuka, inashuka ile ngazi ya mwanga tu na michirizi ya manyoya inabaki. Jaribu kwa furukombe, kichwa cheupe na mabawa meusi kwenye picha moja, unashusha kichwa nusu stopu, unapandisha mabawa, moduli ileile, umemaliza. Kwa hili tu aisee naisamehe mengi.

Kuna na sehemu ya kurudisha hailaiti zilizoungua. Tangu toleo la 4.2 njia yake ya kawaida inaangalia rangi zilizobaki, yaani kama nyekundu imejaa ila kijani na bluu bado zina taarifa, inakisia iliyopotea, na inakisia vizuri. Zikijaa zote tatu basi, unapata baka laini lisilo na unyoya hata mmoja, hapo hata ukeshe. Na msichanganye zile alama mbili za onyo: moja inakwambia picha imezidi kwenye skrini, hiyo inarekebishika, nyingine inaonyesha sensa yenyewe, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, ilijaa wakati unapiga. Ya pili ndo ya kuogopa.

Maudhi sasa. Moduli ni nyingi mpaka kichwa kinauma, mbili tatu zinafanya kazi inayofanana na hakuna anayekwambia uanze na ipi (anza na ekspoja, halafu sigmoid, ile ya kubana mwanga utoshe kwenye skrini, halafu ikwalaiza, nyingine ziache kwanza). Kalaptop kasiko na kadi ya grafiki kanateseka, ile njia nzito ya kurudisha hailaiti ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi. RAM ya GB 4 itafunguka ila utachoka. Toleo la simu hakuna.

Na kama unapiga JPEG usijisumbue kuidownload, baki na simu yako. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW (faili ghafi la kamera) ya biti 14 ina 16,384, hii programu inakula hapo kwenye tofauti.

Nyota nne kati ya tano. Ila kazi ianzie ziwani jamani, ndege mweupe mbele ya maji meusi anaidanganya kamera, inadhani giza limezidi inaongeza mwanga, kwa hiyo weka fidia ya ekspoja minasi moja kwanza, angalia histogramu (ule mchoro wa mwanga kwenye kamera) isigonge ukuta wa kulia, vivuli tutavipandisha nyumbani.