X2Go: kuifikia Linux ya ofisini nikiwa nyumbani Ujiji

Kompyuta yangu ya kazi ina Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, ipo ofisini Mwanga, hapa Kigoma. Nyumbani Ujiji nina laptopu ya Windows. Nachora ramani kwa programu ya QGIS, na faili zake ni nzito mno kubeba kwenye flashi kila jioni.

Nilianza na VNC, njia ya kuiona na kuiendesha kompyuta nyingine kupitia mtandao. Ndani ya ofisi ilikwenda vizuri, lakini nyumbani kwa bando la simu ilinichosha: nabofya menyu, nasubiri, nabofya tena, mara zinafunguka mbili. Nikahamia xrdp, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo upande wa Windows haihitaji kusakinisha kitu. Ni nyepesi zaidi, ila nikisahau kutoka kwenye akaunti yangu ofisini, jioni nakuta skrini nyeusi tupu.

Nina miezi minne sasa na X2Go, ya tatu ya aina hiyo, na sitarajii kuiacha. Ni ya bure, na inapita ndani ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Kilichoniteka ni jinsi inavyostahimili mtandao wetu. Juzi umeme ulikatika mtaani, rauta ikazima nikiwa katikati ya kurekebisha mipaka ya vijiji, na sikuwa nimehifadhi. Uliporudi niliunganisha upya, nikaikuta ramani wazi palepale nilipoishia. Kwa mtu aliyewahi kupoteza kazi ya siku nzima, hilo ni jambo kubwa sana.

Eneokazi la kawaida la Ubuntu, yaani GNOME, halielewani na X2Go. Sakinisha XFCE, eneokazi jepesi zaidi, kwenye kompyuta ya ofisini, kisha uichague kwenye mipangilio ya X2Go. Kasi ya mtandao iweke chini, chaguo la ADSL linanitosha. Video usijaribu.

Nawaomba sana, msiache poti 22, yaani mlango wa SSH, wazi kwa dunia nzima. Mimi napitia WireGuard, ambayo ni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, tena naingia kwa faili ya ufunguo wa SSH, nywila nimezizima kabisa. Na ruhusa ya mwajiri ichukue kwanza.

Kuna kitu kimoja nilikijua kwa kuumia. Umeme ulikatika ofisini usiku, ukarudi, lakini kompyuta ikabaki imezima. Ikanibidi nipande bajaji hadi Mwanga kwenda kubonyeza kitufe kimoja tu. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Ubuntu haijawaka, kuna mpangilio wa kuifanya ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Niliuweka usiku uleule kabla sijafunga mlango.