Kliniki ya ufuatiliaji wa watoto njiti: bora mpaka miaka 2, halafu inakuwaje?

Huduma hii ni ya watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 za ujauzito. Kwa miaka miwili ya mwanzo, ikiendeshwa inavyotakiwa, tunaipa alama za juu.

Angalia kwanza wanavyohesabu umri. Aliyezaliwa wiki ya 28 amewahi kwa wiki 12, hivyo akiwa na miezi 9 apimwe maendeleo kama mtoto wa miezi 6. Wasipotoa wiki hizo, mtoto asiye na tatizo ataandikwa amechelewa kukaa. Chanjo hazimo katika hesabu hii. Hufuata tarehe ya kuzaliwa.

Macho huanza kuchunguzwa takriban wiki 4 baada ya kuzaliwa, kabla mishipa ya damu iliyoota ovyo haijaivuta retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na kuibandua. Hata retina ikipona, makengeza na kutoona mbali huweza kujitokeza baadaye, kwa hiyo uchunguzi uendelee. Kwa masikio, kipimo cha mwangwi unaotoka sikio la ndani peke yake hakitoshi: kinaweza kutoka kizuri ilhali neva ya kusikia ina hitilafu. Dai kile kinachosoma mawimbi ya shina la ubongo, hasa kama mtoto alitibiwa kwa gentamicin, antibiotiki inayoweza kudhuru usikivu.

Kipimo tunachokipenda hakihitaji mashine kubwa. Kati ya miezi 3 na 5 ya umri uliorekebishwa, yaani uliotolewa wiki alizowahi, mtoto hulazwa chali akiwa macho, ametulia, hana kitu mdomoni, akarekodiwa video ya dakika chache. Mtaalamu hutafuta vimiondoko vidogo vya shingo, viwiko na vifundo. Visipoonekana kabisa, ni ishara nzito ya mtindio wa ubongo, na mazoezi yaanze hapo hapo. Kliniki inayosema "tusubiri atembee" inapoteza miezi ambayo ubongo hujifunza upesi zaidi.

Alama zinashuka baada ya miaka hiyo miwili, maana kliniki nyingi humruhusu mtoto aache kuhudhuria akifika miaka 2, wakati matatizo ya darasani bado hayajaonekana. Njiti wengi wenye shida ya umakini si watukutu. Wanakaa kimya, wanapitwa na somo, na hesabu huwashinda kuliko kusoma. Wapo wanaosoma herufi zote ukutani lakini hawaoni kiatu chao kwenye rundo, kwa sababu hitilafu iko kwenye ubongo, si kwenye jicho. Figo nazo huacha kutengeneza vichujio vipya mapema, ndiyo maana presha ipimwe tangu utotoni. Mapafu yaliyokaa sana kwenye oksijeni yapimwe kwa kupuliza kuanzia miaka 5 au 6.

Kabla ya kuruhusiwa, omba miadi ya mtoto akifika miaka 4 pamoja na barua ya kupeleka shule. Omba pia muhtasari wenye wiki za kuzaliwa, uzito, siku za mashine ya kupumulia na oksijeni, na majibu ya ultrasound ya kichwa. Madaktari wa watu wazima mara nyingi hawaulizi habari hizi, basi akishakua, mwenye karatasi aitoe mwenyewe.