Mustang ya 1966: farasi tunayeweza kumlisha

Haya, karibuni tena. Kabla sijasema kitu, sikilizeni wenyewe... Hiyo ni injini ya Ford Mustang yangu: silinda sita, inchi za ujazo 200, nguvu za farasi 120. Najua, mlisubiri V8. Na hapa Marekani ukisema V8 usiwaze shangingi la mheshimiwa. Ni ile injini ya silinda nane, inchi za ujazo 289, ambayo kila mwenye Mustang anataka uamini anayo. Hii yangu haina, ndiyo maana niliimudu.

Mustang haikuundwa kwa ajili ya matajiri. Ilipozinduliwa New York, tarehe 17 Aprili 1964, bei ya kuanzia ilikuwa dola 2,368, na siku hiyo hiyo zikaagizwa zaidi ya 22,000. Ukiivua hilo umbo unakuta Falcon, gari la kwendea sokoni tu. Ford waliivalisha shela. Kufikia Machi 1966 walishatoa milioni moja, na utamu uko hapo: spea hazijaadimika. Mipira ya milango, taa, hata bodi nzima mpya ya chuma, zinatengenezwa mpaka leo.

Njooni nyuma. Nafungua buti, naondoa zulia. Hiki mnachokiona siyo sakafu, ni mgongo wa tangi la mafuta lenyewe! Begi lako linakaa juu ya petroli. Mambo ya enzi hizo, bwana.

Sasa nisiwadanganye. Breki ni za dramu magurudumu yote manne, kwa hiyo ukimfuata mtu mwachie nafasi ya kutosha. Stelingi haina pawa, inataka mkono wa mvuta jarife. Na kabla hujatoa hela, chukua jagi la maji, mimina kwenye matundu haya chini ya kioo cha mbele, halafu chungulia miguuni pa abiria. Yakidondoka, kutu imeshakula huko ndani, na kuifikia ni mpaka ukate vyuma vilivyochomelewa. Aliyeniuzia aliniapia halina kutu. Sikumwaga maji. Zulia likanuka mwezi mzima.

Lakini tazameni chini ya boneti. Kabureta moja. Plagi sita, zote mkono unazifikia. Mwanangu ana miaka 12, ndiye aliyezibadilisha Jumamosi, mimi nimeshika tochi tu. Kwenye gari lako la mwaka juzi, mtoto atagusa nini zaidi ya redio?

Haya, tulitoe barabarani. Baba, washa.