LazyTown: mvivu anayefanya kazi kuliko wote mjini

Mimi ni fundi cherehani, na televisheni naitazama kwa jicho la fundi. Mtu akitokea kwenye skrini, kwanza naangalia bega la koti limekaaje, maneno yake baadaye. Kwa hiyo likizo hii, binti wa kaka yangu aliponing'ang'ania nimfungulie LazyTown huku mimi naendelea kushona, kilichoniinua kichwa hakikuwa wimbo wala zile rangi za kumeremeta. Ilikuwa suti ya yule mtu mbaya.

Robbie Rotten amevaa suti ya damu ya mzee yenye mistari ya kusimama, imembana kiunoni barabara. Mwili wenyewe ni mrefu na mwembamba, na ile mistari inamrefusha zaidi, kiasi kwamba akiinama kuchungulia anakunjika vipande vipande kama rula ya seremala. Nywele nyeusi zimelazwa nyuma, kidevu ni cha kubandika, nyusi zimepandishwa juu kwa dharau. Aliyemshonea alijua kwamba huyu mtu ataruka, ataanguka, atapanda ngazi na kucheza dansi, maana hata akinyoosha mikono yote miwili juu koti halivutiki kwapani. Jaribu wewe kushona koti la kubana namna ile lenye uhuru namna ile, halafu uje tuzungumze.

Kwa wasioijua, na kwa waliokua nayo wakaisahau: LazyTown ni kipindi cha watoto kutoka Iceland, kilichoanza kuonyeshwa kwenye kituo cha televisheni cha Nickelodeon cha Marekani mwezi Agosti 2004. Aliyekibuni ni Magnús Scheving, bingwa wa Ulaya wa mazoezi ya viungo ya aerobiki mwaka 1994 na 1995. Kwanza alitoa kitabu mwaka 1995, kikafuata mchezo wa jukwaani mwaka 1996 na mwingine mwaka 1999, ndipo ikaja televisheni. Sehemu mpya zilitolewa mpaka mwaka 2014, zikiwa na pengo la miaka kadhaa katikati. Studio yao ilikuwa Garðabær, karibu na Reykjavík, na mwaka 2006 kipindi kilipata tuzo ya watoto ya BAFTA, ya Uingereza, upande wa vipindi vya kimataifa.

Hadithi ni nyepesi. Msichana mwenye nywele za waridi, Stephanie, anafika kukaa na mjomba wake, Meya Milford Meanswell, katika mji ambao watoto hawachezi nje. Shujaa mwenye sharubu zilizosokotwa ncha, Sportacus, anakuja kuwasaidia; yeye anaishi angani ndani ya chombo kinachoelea juu ya mji. Chini ya ardhi, nyuma ya bango kubwa la matangazo, anaishi Robbie, ambaye hataki kitu kingine duniani isipokuwa watu wanyamaze alale.

Wanadamu halisi wa kudumu ni watatu tu: Stephanie, Sportacus na Robbie. Meya, bibi mmoja aitwaye Bessie, na watoto wengine wote ni vikaragosi vyenye vichwa vikubwa na vidole laini, na mandhari ya nyuma imetengenezwa kwa kompyuta. Ukielezwa hivyo unadhani itakuwa vurugu. Lakini mtu, kikaragosi na mchoro wanakaa pamoja kwenye picha moja bila kugombana, kwa sababu kila kitu kimekatwa kwa mkono mmoja: nyumba zimepinda, milango imepinda, hata viti havina kona kali. Binti wa kaka yangu hajawahi kuniuliza kwa nini Stephanie ana ngozi na Ziggy, mmoja wa vikaragosi, ana sponji. Kwake wote ni watoto wa mtaa mmoja.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike.

Hiki kipindi kimetengenezwa kuwasifia wenye bidii. Sportacus haingii mlangoni bila kupiga sarakasi. Anaweza kuwa anaenda kuchukua tofaa mezani, atapita kwa mikono. Analala saa mbili na dakika nane usiku, si dakika moja zaidi. Na mwigizaji ni Scheving mwenyewe, ambaye mwaka 2004 alikuwa anakaribia miaka 40, kwa hiyo heshima yake naiweka pale pale. Lakini tazama sehemu tano mfululizo kisha ujibu kwa haki: nani anafanya kazi kuliko wote katika mji ule?

Ni mvivu. Robbie ndiye anayechora ramani, anayejenga mashine, anayechimba mashimo, anayebadilisha nguo mara tatu kabla ya jioni, anayejifanya mwalimu, mganga, haramia, mama mzee. Watoto wanacheza mpira. Yeye anajenga mtambo mzima wa kuuzuia mpira. Angelala na pamba masikioni mambo yangekwisha, lakini hilo halimjii. Anafanya kazi usiku na mchana ili apate nafasi ya kutofanya kazi, na mwisho wa kila sehemu amechoka kuliko Sportacus aliyeruka tangu asubuhi. Sijui kama waandishi walikusudia hivyo. Ninachojua ni kwamba kila Robbie anapoingia, kipindi kinapumua, na akitoka tunabaki tunasubiri arudi.

Kuna kituko chao cha kudumu ambacho mimi hukisimamishia mashine. Robbie akiamua kujibadilisha, anakwenda kwenye mirija mikubwa ya vioo ambayo kila mmoja una vazi ndani. Anasimama mbele ya la kwanza, analitazama juu mpaka chini, analikataa. La pili, analikataa. La tatu anakaribia kulikubali, halafu uso unabadilika. Ndipo anafika kwenye lile analolitaka, na mwili wote unanyooka. Nimeona wateja wakifanya hivyo hivyo mbele ya vitambaa, hatua kwa hatua, pamoja na ule mguno wa katikati. Stefán Karl Stefánsson, aliyemwigiza, alikuwa mtu wa jukwaani, na inaonekana: hakuna kidole chake kinachokaa bure. Anamcheza mtu anayechagua nguo kwa umakini kuliko waigizaji wengi wanavyocheza kifo.

Mtoto wetu Kiingereza chake bado ni cha kuhesabu na kutaja rangi. Mazungumzo mengi yanampita. Kwa Robbie hapotezi hata kitu kimoja. Anacheka kabla ya anguko, kwa sababu ameshaona kwenye mabega kwamba anguko linakuja. Nilipomuuliza anampenda nani zaidi, nilitarajia Stephanie, maana begi lake la shule ni la waridi na viatu ni vya waridi. Akanijibu bila kufikiri, "Yule baba wa kulala, Shangazi."

Sehemu ya kuanzia, kama huna muda, ni ya mwaka 2014 ambapo Robbie anakusanya watu watatu wanaofanana naye awafundishe uovu. Ndimo ulimo wimbo wa "We Are Number One", ambao miaka miwili baadaye ulienea mtandaoni kote, vijana wakiukata na kuugeuza kwa kila namna. Uangalie kama mchezo wa kuigiza bila kujali utani wa mtandaoni. Robbie anawapa wanafunzi nyavu na kuwaeleza wakati wa kurusha. Wanarusha, zinamfunika yeye. Anawapa ndizi, ganda ndilo silaha, mtu akanyage ateleze. Akigeuka anawakuta wanazila. Kila kosa ni la mtu aliyetii agizo lakini hakuelewa shabaha, na kila mara Robbie anakusanya heshima yake, anapangusa koti, anaanza upya. Nimewahi kufundisha wanagenzi. Ule uso naujua.

Wimbo ule ulikutana na jambo zito. Mwaka 2016 Stefán Karl aligundulika na saratani ya mirija ya nyongo, na mwenzake wa kipindi akaanzisha mchango wa kumsaidia. Watu waliokuwa wanacheza na wimbo kwa mzaha wakaanza kutoa pesa, na Desemba ya mwaka huo aliuimba tena moja kwa moja mtandaoni pamoja na wale watatu. Alifariki tarehe 21 Agosti 2018, akiwa na miaka 43. Huko kwao alikuwa pia ameanzisha shirika la kupinga uonevu kwa watoto, Regnbogabörn. Mtu aliyelipwa kuwa mwonevu wa watoto kwenye skrini, nje ya skrini alikuwa upande wao.

Basi kasoro, maana zipo.

Kwanza sukari. Katika LazyTown matunda na mboga huitwa pipi za michezo, na hilo limekaa vizuri. Tofaa linang'aa kuliko keki, mtoto analitamani. Lakini Sportacus akionja sukari kidogo tu anaanguka chini hajiwezi, mpaka mtu amletee tunda. Kama kichekesho kinachekesha mara ya kwanza. Mara ya nne binti aliniuliza, sauti ya chini kabisa, "Shangazi, mimi nilikula keki siku ya bethdei ya Baba. Mbona sikuanguka?" Ilibidi nisimamishe kipindi tuongee. Chakula hakipaswi kumtisha mtoto wa miaka sita, na kipindi kinachotaka apende tofaa hakikuhitaji kumfanya aogope keki. Zaidi ya hapo, keki anayokula Robbie inaonekana tamu mno. Mpishi wa vitu vya kuigizia hapo aliwasaliti wakubwa wake.

Pili, muundo haubadiliki. Watoto wana jambo la furaha, Robbie anasumbuka, anajibadilisha, mtego unanasa, kito kilicho kifuani kwa Sportacus kinawaka kuonyesha kuna mtu hatarini, anashuka, anaokoa, dansi. Wimbo wa mwisho ni ule ule kila mara. Mtoto anaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Anasimama kabla haujaanza, anajiweka katikati ya chumba. Mtu mzima atahitaji kazi mkononi. Mimi hukunja pindo wakati wa uokoaji na kuinua macho wakati wa mtego.

Tatu, Bessie. Nywele zimepangwa mnara, nguo safi, lakini kazi yake ni kuongea na simu na kushtuka. Meya anampenda, na mapenzi yale hayaendi popote. Walikuwa na vikaragosi wazuri namna ile, wakampa mmoja wao simu tu.

Kuhusu Stephanie: Julianna Rose Mauriello ndiye wa mwanzo, na sehemu mpya zilipoanza mwaka 2013 nafasi ilishikwa na Chloe Lang. Wa kwanza anacheza dansi kwa mwili mzima, kila hatua imemalizika. Wa pili anaimba vizuri na ni mchangamfu, lakini vazi la waridi linaonekana limeazimwa, ingawa mshono ni nadhifu. Binti wa kaka yangu hakugundua mabadiliko yoyote. Aliniambia tu kwamba Stephanie amekata nywele.

Sportacus mwenyewe nampa alama kwa mwili, si kwa maneno. Akinyamaza akaruka, hata mimi naacha sindano. Akianza kueleza kwa nini kulala mapema ni vizuri, naona mtoto anatafuta kitu cha kuchezea sakafuni. Ila nikiri kwamba chombo chake cha angani kimebuniwa vizuri sana: anasema "mlango", mlango unafunguka, anasema "meza", meza inatokea. Sasa hivi nyumbani kwa kaka yangu kuna mtu anasimama mbele ya kabati na kuliamuru lifunguke, na mama yake amenipigia simu kuuliza amejifunza wapi.

Ushauri wangu kwa wazazi, wajomba na mashangazi: msiwawekee wakae peke yao nacho. Si kwa sababu kina ubaya, ila nusu ya raha ni kuwa karibu mtoto anapogundua mtego kabla ya Robbie. Anzeni na zile za kuanzia 2004, sauti ikiwa ya Kiingereza hata kama mtoto hakijui, kwa sababu sauti ya Stefán Karl ni nusu ya kazi yake. Sehemu mbili kwa siku zinatosha. Ya tatu wimbo unaingia kichwani na hautoki, utajikuta unaupiga kwa mguu kwenye pedali ya cherehani. Ile ya Robbie na wanafunzi wake wekeni siku ya mvua.

Nyota nne kati ya tano. Tatu na nusu ni za Robbie, nusu iliyobaki wagawane Sportacus na vikaragosi. Na kama kuna mtu anajua ile suti ilikatwa vipi pale kwapani, kama waliweka kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi au walitumia kitambaa cha kuvutika, naomba aniambie, nina mteja mcheza ngoma anayenidai koti la namna hiyo kabla ya mwisho wa mwezi.